TV mpya lakini maneno hayasikiki? Rekebisha sauti hivi kabla hujaongeza volyumu

Kuna swali nimeulizwa mpaka nimelikariri. Mtu kanunua TV flati, kioo kikubwa, picha inang'aa, lakini wahusika wakianza kuongea anasikia "mmm mmm mmm" tu, anaongeza volyumu mpaka 50, afu ghafla kwenye muvi gari linalipuka au tangazo linaingia na nyumba nzima inaruka, mtoto kaamka, rimoti haionekani. Kesho yake ananiuliza anunue saundibaa (ile spika ndefu ya kuweka chini ya TV) gani.

Subiri kwanza. Kabla ya kununua kitu, tenga nusu saa ukae na menyu ya sauti, maana TV nyingi shida yake sio sauti ndogo, shida ni besi imekaa juu ya maneno na setingi za kampuni zimewekwa ili TV ivutie ikiwa dukani, sio ili wewe usikie habari ukiwa sebuleni. Kwa hiyo kitu cha kushika hapa ni kimoja, kazi kubwa tutakayofanya ni KUPUNGUZA, sio kuongeza.

Nimeandika kwa TV za kawaida za siku hizi, smart au isiyo smart. Majina ya menyu yanatofautiana kampuni na kampuni, hivyo ukiona neno langu halipo kwako tafuta linalofanana nalo.

Kabla hujaanza uwe na:

- Rimoti ya TV yenyewe. Ile ya king'amuzi inaweza kuongeza na kupunguza volyumu ya TV lakini mara nyingi haiwezi kufungua menyu ya TV.
- Simu, kwa ajili ya kupiga picha setingi zilivyo sasa hivi.
- Video mbili unazozijua: moja ya mtu anaongea tu bila muziki (taarifa ya habari ndo mpango mzima), nyingine ya muvi yenye makelele na maongezi humo humo.
- Yule mtu wa nyumbani anayelalamika kuliko wote. Kama ni bibi ndo hasikii vizuri, basi bibi akae pale pale anapokaaga siku zote, na wewe rekebisha kwa masikio yake sio yako. Watu wengi wanakosea hapa, kijana anarekebisha anaona iko bomba, anaondoka, mzee anabaki na shida ile ile.

Zima feni kama inavuma. Haya twende.

Hatua ya 1: Piga picha setingi, kisha zifute

Ingia menyu (kitufe chenye alama ya gia au kilichoandikwa Menu), nenda "Settings" halafu "Sound", zingine wameandika "Audio", zingine "Display & Sound". Piga picha kila ukurasa. Kisha shuka chini kabisa utafute "Reset Sound" au "Reset" iliyo ndani ya menyu hiyo hiyo ya sauti, bonyeza, kubali.

Angalizo: usije ukabonyeza "Factory Reset". Hiyo inafuta chaneli, akaunti, neno la siri la waifai, kila kitu, na utaanza upya kama TV imetoka kwenye boksi leo.

Kwa nini tunafuta? Kwa sababu kila mtu nyumbani kashagusa kidogo, mmoja kaongeza besi, mwingine kawasha sijui nini, na huwezi kurekebisha kitu ambacho hujui kilianzia wapi.

Hatua ya 2: Angalia spika zinatazama wapi

TV za kichogo zilikuwa na spika zinakuangalia usoni. Flati nyingi spika zinatazama chini au nyuma, maana fremu imekuwa nyembamba hakuna pa kuziweka. Kwa hiyo sauti inagonga kwanza meza au ukuta ndo ije kwako. Chungulia kwa chini na kwa nyuma utaona vitundu.

Ukishajua, toa kitambaa cha mapambo kilichoziba chini ya TV (najua kinapendeza, kitoe), isogeze TV mpaka ukingo wa mbele wa meza, na kama imezama ndani ya kabati ivute mbele. Hii hatua haina menyu wala nini lakini kuna nyumba nimeingia tukaishia hapa hapa, kitambaa kimetoka na kesi imefungwa.

Hatua ya 3: Sauti ya chanzo iwe juu, ya TV ndo uichezee

Kama unatumia king'amuzi, boksi la Android au simu iliyounganishwa, vyote hivyo vina volyumu yake. Ikiwa king'amuzi kiko chini na TV iko juu kabisa, unachofanya ni kukuza sauti dhaifu pamoja na mikwaruzo yake yote. Weka king'amuzi kwenye asilimia 80 mpaka 100, afu volyumu ya kila siku uiongoze kwa TV. Kwenye TV nyingi ikifika hapo utajikuta 15 mpaka 25 inatosha kwa chumba cha kawaida.

Na uangalie kwenye menyu ya king'amuzi chenyewe sehemu ya sauti, kama kuna chaguo kati ya Dolby na PCM au Stereo, na wewe unasikiliza kwa spika za TV tu, weka PCM au Stereo. Hizo ni namna za kufungasha sauti: Dolby imebanwa na inahitaji kifaa kinachoielewa, PCM ni sauti ya kawaida isiyobanwa. Nitalirudia hili baadaye, linaleta vurugu nyingi.

Hatua ya 4: Chagua modi

Modi ni zile setingi zilizopangwa tayari, "Standard", "Movie", "Music", "Sports" na kadhalika. Anza na Standard. Kwa mtu ambaye shida yake ni maneno, tafuta iliyoandikwa "Clear Voice", "Speech" au "Dialog", ijaribu na taarifa ya habari dakika mbili.

Modi ya Music iache, inanyanyua besi na makali ya juu, katikati ambako ndo mtu anaongelea panabaki pamezama. Ya Sports inatapanya sauti ya uwanja ili ujisikie uko jukwaani, sawa, lakini mtangazaji anaenda mbali. Mimi mpira wenyewe naangalia kwa Standard.

Hizi modi za AI ambazo TV inajiamulia yenyewe, zima kwa leo. Sio kwamba ni mbaya, ila hutaweza kujua kilichobadilika umebadilisha wewe au imebadilisha yenyewe.

Hatua ya 5: Zima saraundi

Inaitwa "Surround", "Virtual Surround", wakati mwingine ina jina la mbwembwe kabisa. TV nyingi zina spika mbili tu, hiyo saraundi inadanganya sikio ili sauti ionekane inatoka pembeni, na inayoumia ni sauti ya katikati, yaani mazungumzo. Izime, sikiliza tena ile habari. Watu kibao wanashangaa hapa.

Hatua ya 6: Ikwalaiza, hapa ndo penyewe

Tulia hapa, usiwe na haraka. Tafuta "Equalizer". Kwenye baadhi ya TV inafunguka tu ukiwa modi ya Standard au ile ya mtumiaji, kwa hiyo ukiikuta imefifia haikubali kubonyezeka, rudi ubadilishe modi. Na kama TV yako haina ikwalaiza, ina besi (sauti nzito) na trebo (sauti nyembamba) tu, nimekuwekea yako mwisho wa hatua hii.

Utaona mistari mitano au saba imeandikwa 100Hz, 300Hz, 1kHz, 3kHz, 10kHz, au namba zinazokaribiana na hizo. Kushoto ni sauti nzito, kulia ni sauti nyembamba. Maneno ya binadamu yanaeleweka kwa sababu ya konsonanti, s, t, k, f, sh, na hizo zinategemea sana eneo la kati ya 1kHz na 4kHz. Simu za zamani zilikuwa zinapitisha 300Hz mpaka 3400Hz tu na watu walikuwa wanaelewana bila shida, kwa hiyo usitishike ukipunguza besi, maneno hayapungui.

Fanya hivi, MOJA baada ya nyingine, na kila ukibadilisha sikiliza angalau sekunde 20 ndo uende inayofuata:

1. 100Hz ishushe hatua 3. Sauti itaonekana imekonda, usirudishe, subiri.
2. 300Hz ishushe hatua 2. Hapa ndo ule uzito wa kama mtu anaongelea ndani ya pipa unaondoka.
3. 1kHz iache sifuri, ipandishe hatua 1 kama tu wanawake na watoto bado wanasikika mbali.
4. 3kHz ipandishe hatua 2. Sikiliza konsonanti, sasa zinatakiwa zikatike vizuri. Msikilizaji mwenye umri mkubwa anaweza kutaka 3 au 4.
5. 10kHz iache. Kama herufi "s" zinachoma masikio kama mluzi, ishushe hatua 1.

Sasa weka ile video ya makelele. Ikiwa imekonda sana rudisha 100Hz hatua moja, basi, usirudishe zote.

Kosa la wengi ni kupandisha mistari yote mpaka juu, wakidhani wameongeza ubora. Ukipandisha yote umeongeza volyumu tu, tena kwa njia mbaya, maana spika ndogo inafika mwisho wake mapema inaanza kukwaruza. Kosa la pili ni ule mchoro wa herufi V, kushoto juu, kulia juu, katikati chini, ule ambao kila mtu anauweka kwenye redio ya gari. Kwenye muziki sawa, kwenye TV umewazika waongeaji wote.

Kama una besi na trebo tu: besi shusha kidogo chini ya katikati, trebo pandisha kidogo juu ya katikati. Imeisha hiyo.

Hatua ya 7: Tuliza matangazo na milipuko

Tafuta "Auto Volume", "Volume Leveling" au "Night Mode". Inachofanya ni kushusha sauti kubwa na kunyanyua ndogo ili vikaribiane. Ukiwa na mtoto analala au unaishi nyumba ya kupanga ukuta mmoja na jirani, iwashe. Zikiwepo ngazi za juu, kati na chini chagua ya chini, ile ya juu inafanya sauti iwe kama inapumua, kimya kikitokea unasikia mvumo wa chinichini unapanda wenyewe.

Ukiwa unaangalia muvi mwenyewe na una uhuru, izime, muvi ilitengenezwa iwe na kimya na kishindo.

Hatua ya 8: Kama una saundibaa, subwufa au redio ya nje

Wa spika za TV tu ruka hapa.

Njia nzuri kuliko zote ni HDMI, lakini sio tundu lolote, lazima liwe lile limeandikwa ARC au eARC, yaani linaloweza kutoa sauti ya TV kwenda kwenye saundibaa. ARC ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, eARC ikaja na HDMI 2.1 mwaka 2017, kwa hiyo TV nyingi za siku hizi zinayo angalau moja. Chomeka pale, afu kwenye menyu washa kitu kinaitwa CEC, kinachofanya TV na saundibaa viongozane, ambacho kila kampuni imekipa jina lake: Samsung wanaita Anynet+, LG wanaita SimpLink, Sony wanaita Bravia Sync. Hii isipowashwa mara nyingi saundibaa itakaa kimya na wewe utalaumu waya. Mwisho nenda "Sound Output" uchague hiyo saundibaa.

Optiko, ile kebo yenye taa nyekundu ndani, nayo inafaa. Toa kile kiplastiki cha kinga kwenye ncha zake, usicheke, nimeshaitwa kwa ajili hiyo. Ila kwa optiko mara nyingi rimoti ya TV haitaongoza volyumu, utatumia ya saundibaa.

Sasa wale wenye subwufa za zamani za waya mwekundu na mweupe, TV haina matundu hayo, wananunua kile kiboksi kidogo kinachobadilisha optiko kuwa waya mwekundu na mweupe, wanachomeka, hamna sauti au inatoka "kshhhhh", wanarudisha wakisema kibovu. Mara nyingi sio kibovu. Viboksi vingi vya aina hiyo vinaelewa PCM peke yake. Nenda kwenye TV "Digital Output Audio Format" au "Digital Audio Out", toa Auto au Dolby au Bitstream, weka PCM. Sauti hiyo hapo.

Ukitumia tundu la hedifoni badala yake, tafuta chaguo la "Fixed" na "Variable". Kwenye Variable rimoti ya TV inapandisha na kushusha, kwenye Fixed haigusi kitu.

Bluututhi nayo ipo, ni rahisi, ila ina tatizo lake, ndo hatua inayofuata.

Hatua ya 9: Midomo na sauti viende pamoja

Weka mtu anayeongea karibu na kamera, angalia midomo. Sikio linavumilia zaidi sauti ikichelewa kuliko ikitangulia: vipimo vya ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano) vinaonyesha sauti ikitangulia milisekunde 45 hivi mtu anagundua, ikichelewa mpaka karibu 125 ndo anagundua. Bluututhi ya kawaida inachelewa zaidi ya hapo kirahisi tu.

Sauti ikitangulia midomo: tafuta "AV Sync", "Lip Sync" au "Sound Delay", ongeza 10 au 20 kwa mara moja mpaka vikutane.

Sauti ikichelewa: hiyo delei irudishe sifuri, weka PCM, na kama ni bluututhi hamia kwenye waya. Kuendelea kuongeza delei hapo ni kuzidisha ugonjwa, lakini ndo kitu cha kwanza watu wanafanya.

Bado inasumbua?

*Kuna mtu anasimulia kila kinachotokea kwenye muvi.* Shangazi yangu alinipigia usiku analalamika TV yake ina mtu ndani anamwambia "mwanamke anafungua mlango, anatazama nyuma", alikuwa ameshaanza kuogopa. Hiyo ni huduma ya wasioona, inaitwa "Audio Description". Iko kwenye "Accessibility", na kwenye rimoti nyingine ina kitufe chake, ndo maana inawaka kwa bahati mbaya. Zima. Kama haizimiki kwenye TV, angalia lugha ya sauti ndani ya programu unayoangalia, au kwenye king'amuzi.

*Chaneli moja tu haina sauti, nyingine zote ziko sawa.* Hiyo chaneli inawezekana inarusha kwa Dolby na kifaa chako hakielewi. Rudi hatua ya 3, PCM. Ikishindikana bonyeza kitufe cha lugha ya sauti uchague nyingine.

*Muvi ya kwenye flashi ina picha lakini bubu.* Mara nyingi sauti yake imerekodiwa kwa DTS, aina nyingine ya sauti kama Dolby, na TV haina kibali cha kuisoma. Samsung kwa mfano waliiondoa DTS kwenye TV zao kuanzia za 2018. Angalia kama faili lina sauti ya pili, kama halina ibadilishe kwa kompyuta iwe AAC au AC3, au tafuta kopi nyingine. Hakuna setingi ya TV itakayokusaidia hapo, usijisumbue.

*Kwenye programu za muvi mtandaoni maneno yako chini kuliko muziki.* Ndani ya menyu ya sauti ya hiyo muvi, ukiona 5.1 (sauti iliyopangwa kwa spika sita) imechaguliwa na wewe una spika za TV tu, chagua ile isiyo na 5.1 kama ipo. Kwenye 5.1 maneno yamewekwa kwenye spika ya katikati, wewe huna spika hiyo, TV inajaribu kuyachanganya na mengine na mara nyingi inayashusha.

*Sauti inatoka upande mmoja.* Angalia "Balance" iwe sifuri. Iko sifuri? Basi kama king'amuzi kimeunganishwa kwa waya mwekundu na mweupe, zipishanishe upande wa TV tu, upande wenye ububu ukihama shida ni waya au king'amuzi, usipohama shida ni spika.

*Muungurumo wa chini usioisha, hata volyumu ikiwa sifuri.* Chomoa waya wa antena au wa dishi kwenye king'amuzi. Ukinyamaza, umeme unazunguka kupitia waya huo. Chomeka TV, king'amuzi na redio kwenye ekstensheni moja, mara nyingi unaisha.

*Inakwaruza hata baada ya yote haya.* Weka volyumu 15, shusha 100Hz mpaka mwisho, sikiliza kwa vyanzo viwili tofauti. Bado inakwaruza? Huenda spika imechanika, mpelekee fundi. Ikiacha ukigusa kabati kwa mkono, basi ni kabati au kioo cha kabati ndo kinatetemeka, spika yako nzima.

*Nabadilisha, baada ya muda setingi zinarudi zenyewe.* Huenda TV yako iko kwenye modi ya dukani, "Store Mode" au "Retail Mode", mtu aliyeiwasha mara ya kwanza alichagua hivyo bila kusoma. Nenda "General" au "System" uweke "Home Mode". Na kama zinapotea ukihama kutoka king'amuzi kwenda flashi, baadhi ya TV zinahifadhi sauti ya kila chanzo peke yake, tafuta "Apply to all inputs", au rudia hatua ya 6 kwenye kila chanzo.

Ukishapata inayokukaa, piga tena picha kurasa zote na hizi zitunze, zile za kwanza zifute. Watoto watagusa tu.